Posho ya Mtoto Ikibadilika, Hesabu ya Nyumba Nayo Hubadilika



Katika safu hii tumezoea kuzungumzia karatasi, kwa sababu maisha ya ugenini, tupende tusipende, huendeshwa na karatasi. Mwezi huu tumechagua karatasi moja tu. Ni ile barua ya bahasha ya kahawia inayowafikia wazazi wenye mtoto mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, ikiwaarifu kwamba posho ya mtoto wao, maarufu kwa jina la DLA, imekubaliwa, imeongezwa, imepunguzwa au imesimamishwa. Wengi wetu huisoma kwa ajili ya tarakimu iliyomo ndani yake, tukafurahi au tukahuzunika, kisha tukaitia kabatini.

Tungependa kuonyesha leo kwamba barua hiyo haizungumzii posho ya mtoto peke yake. Inazungumzia pia msaada unaoilipia nyumba kodi, unaowalisha ndugu zake, na unaomwezesha mama au baba kubaki nyumbani kumtunza. DLA ni shina, na misaada mingine ni matawi yake. Aghalabu matawi hayo huzaa zaidi ya shina lenyewe, na mzazi asiyelijua hilo huokota tunda moja akaliacha kapu zima chini ya mti.

Posho yenyewe

DLA ilianzishwa nchini Uingereza mwezi wa Aprili 1992. Tangu 2013 watu wazima wamekuwa wakielekezwa kwenye posho nyingine iitwayo PIP, na maombi mapya ya DLA sasa ni ya watoto walio chini ya umri wa miaka 16. Ndugu zetu walioko Scotland wana posho yao ya watoto, ambayo ilienea nchi nzima huko mwezi wa Novemba 2021. Jina ni jingine, lakini kwa mambo mengi tutakayoyaeleza hapa hufanya kazi ile ile.

DLA ina mafungu mawili: fungu la uangalizi, lenye madaraja matatu, na fungu la mwendo, lenye madaraja mawili. Katika mwaka wa fedha 2025/26 daraja la chini la uangalizi lilikuwa pauni 29.20 kwa wiki, la kati pauni 73.90, na la juu pauni 110.40. Viwango hivi hubadilishwa kila Aprili, kwa hiyo msomaji asishike sana tarakimu zetu. Ashike uhusiano uliopo baina yake, kwa kuwa huo ndio somo letu.

Posho hii haiangalii mshahara wa wazazi, haikatwi kodi, na haihesabiwi kuwa kipato cha nyumba pale msaada mwingine unapopimwa. Wala haidai jina la ugonjwa. Inachouliza ni kama mtoto anahitaji uangalizi uliozidi sana ule anaohitaji mtoto mwenzake wa umri wake. Mtoto mwenye usonji, kifafa, siko seli au uziwi anaweza kuistahiki, na anaweza asiistahiki, kwa kutegemea msaada anaouhitaji kila siku.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Wenye viza inayowazuia kupokea fedha za umma wasiombe DLA mpaka wamepata ushauri wa mtaalamu wa mambo ya uhamiaji, maana DLA imo katika orodha ya fedha hizo. Waliopewa hifadhi ya ukimbizi hawamo katika katazo hilo.

Kutoka Tax Credit hadi Universal Credit

Kuanzia Aprili 2003 familia nyingi zenye kipato kidogo zilisaidiwa na Idara ya Mapato kupitia mpango wa Tax Credit. Ndani yake mlikuwa na nyongeza ya mtoto mwenye ulemavu, na nyingine juu yake kwa mtoto mwenye ulemavu mzito. Ufunguo wa nyongeza hizo ulikuwa DLA. Lakini DLA ilitolewa na wizara moja, na Tax Credit na idara nyingine, na mzazi alipaswa kuiarifu ile ya pili juu ya uamuzi wa ile ya kwanza katika muda wa mwezi mmoja. Akichelewa, malipo ya nyuma yalikatwa.

Wapo waliodhani kwamba ofisi za serikali huambizana zenyewe. Mwaka 2016 ilifahamika kwamba baina ya 2011 na 2014 habari za watoto waliopewa DLA hazikuwa zikifika zilikotakiwa, na familia zipatazo 28,000 zilikuwa zikikosa nyongeza waliyostahiki watoto wao. Serikali ilikubali kuzilipa, lakini kuanzia Aprili 2016 tu. Miaka ya nyuma ilikwenda na maji. Familia hizo hazikufanya udanganyifu wala uvivu. Waliamini tu kwamba aliyeandika barua amewapa habari wenzake.

Mpango wa Tax Credit ulifungwa rasmi tarehe 5 Aprili 2025. Nafasi yake imechukuliwa na Universal Credit, ambayo husimamiwa na Wizara ya Kazi na Pensheni, wizara ile ile inayotoa DLA. Msomaji anaweza kusema: basi, tatizo limekwisha, sasa nyumba ni moja. La hasha. Nyumba ni moja lakini vyumba ni vingi, na milango ya ndani haifunguki yenyewe. Mzazi bado anatakiwa kuingia katika ukurasa wake wa Universal Credit, katika ile shajara ya mtandaoni, na kueleza kwamba mtoto wake amepewa DLA, daraja gani, na kuanzia tarehe gani. Asiyejua kutumia kompyuta amwombe mwanawe mkubwa, au apige simu, au aende Jobcentre na barua mkononi.

Mipaka mitatu

Universal Credit huhesabiwa kila mwezi. Ndani yake mna nyongeza mbili za mtoto mwenye ulemavu, na nyongeza moja ya mlezi. Kila moja ina mpaka wake, na mipaka hiyo haifanani.

Mpaka wa kwanza ni kupata DLA yoyote ile. Mtoto akipewa hata daraja la chini kabisa, la uangalizi au la mwendo, familia hustahiki nyongeza ndogo ya mtoto mwenye ulemavu. Katika mwaka 2025/26 nyongeza hiyo ilikuwa pauni 158.76 kwa mwezi.

Mpaka wa pili ni daraja la kati la uangalizi. Hapo ndipo mzazi anayemtunza mtoto kwa saa 35 au zaidi kwa wiki hustahiki nyongeza ya mlezi, pauni 201.68 kwa mwezi katika mwaka huo. Si lazima awe ameomba Posho ya Mlezi, ile inayolipwa kila wiki. Na akiiomba, fedha zake hupunguzwa pauni kwa pauni kutoka Universal Credit. Tena Posho ya Mlezi ina ukomo wa mshahara, ambao katika mwaka huo ulikuwa pauni 196 kwa wiki. Nyongeza ya mlezi haina ukomo huo. Mama anayefanya kazi na kumlea mtoto wake kwa saa 35 asijitoe mwenyewe kwa kudhani kwamba mshahara umemtoa. Lakini kwa mtoto mmoja mlezi anayehesabiwa ni mmoja tu. Baba na mama hawawezi kuipata wote wawili kwa mtoto yule yule.

Mpaka wa tatu ni daraja la juu la uangalizi. Mtoto akifika hapo, nyongeza ndogo huondolewa na kubwa huwekwa mahali pake, nayo ilikuwa pauni 495.87 kwa mwezi. Mtoto aliyeandikishwa kuwa kipofu hupata nyongeza hiyo kubwa hata kama daraja lake la DLA ni la chini yake.

Wapo wazazi wa watoto wengi walioogopa ile kanuni ya watoto wawili iliyoanza tarehe 6 Aprili 2017, ambayo serikali ilitangaza katika bajeti ya Novemba 2025 kwamba ingeondolewa Aprili 2026. Kanuni hiyo ilizuia fungu la kawaida la mtoto wa tatu, lakini haikuzuia nyongeza yake ya ulemavu. Aliyeacha kuieleza DLA ya mtoto wa tatu kwa kudhani kwamba haina faida achunguze karatasi zake upya.

Tuifanye hesabu

Kama tulivyokuwa tukifanya ubaoni enzi zile za chaki, tuchukue mfano. Nyumba ni ya kubuni, lakini tarakimu ni za kweli, za mwaka 2025/26. Mtoto ana miaka tisa. Mama yake humtunza kwa zaidi ya saa 35 kwa wiki. Familia inapata Universal Credit, na hatulitii fungu la mwendo katika hesabu yetu.

Mtoto akiwa katika daraja la chini, DLA yake kwa mwezi ni kama pauni 126.53. Ongeza nyongeza ndogo ya pauni 158.76. Jumla ni pauni 285.29.

Akiwa katika daraja la kati, DLA ni kama pauni 320.23 kwa mwezi. Ongeza nyongeza ndogo, kisha nyongeza ya mlezi. Jumla ni pauni 680.67.

Akiwa katika daraja la juu, DLA ni pauni 478.40. Ongeza nyongeza kubwa na nyongeza ya mlezi. Jumla ni pauni 1,175.95.

Tazameni sasa mtoto anapopanda kutoka daraja la kati hadi la juu. Barua itawaambia wazazi kwamba posho imeongezeka kwa pauni 36.50 kwa wiki, ambazo kwa mwezi ni kama 158. Mzazi atashukuru na kuiweka barua. Lakini katika Universal Credit zipo pauni 337.11 nyingine kila mwezi, na barua ile huenda isizitaje kwa tarakimu. Asipozidai, amechukua theluthi moja akaacha theluthi mbili.

Na akishuka kutoka daraja la kati hadi la chini? Barua itataja upungufu wa pauni 44.70 kwa wiki. Ukweli ni kwamba nyongeza ya mlezi nayo imeondoka, na jumla iliyopotea kwa mwaka ni pauni 4,744.56. Ndiyo maana tunasema kwamba hakuna mabadiliko madogo ya DLA.

Liko na jambo jingine lililojificha. Tangu 2013 nchi hii ina ukomo wa jumla ya misaada ambayo nyumba moja inaweza kupokea. Kuanzia Aprili 2023 ukomo huo kwa familia umekuwa pauni 25,323 kwa mwaka London, na 22,020 nje ya London. Nyumba yenye mtoto anayepata DLA imesamehewa ukomo huo. Kwa hiyo siku DLA inaposimama, msamaha nao husimama, isipokuwa wazazi wawe na sababu nyingine ya kusamehewa, kama vile kipato cha kazi kilichofikia kiwango kilichowekwa. Kwa familia kubwa inayolipa kodi ya nyumba za London, pigo hilo huweza kuwa zito kuliko DLA yenyewe.

Na wale waliohamishwa na serikali kutoka Tax Credit kwenda Universal Credit, wakapewa kinga ya mpito ili wasipungukiwe, wajue kwamba kinga hiyo huliwa na nyongeza mpya. Mtoto akipewa DLA baada ya kuhama, nyongeza ya ulemavu huingia, na kinga hupungua kwa kiasi hicho hicho mpaka iishe. Wasishangae kuona jumla haikupanda kama walivyotarajia. Waieleze DLA hata hivyo, kwa kuwa kinga haitadumu milele.

Uongezeke au upungue, sema

Posho ikipanda, sema siku hiyo hiyo. Kanuni za Universal Credit zinaruhusu nyongeza irejeshwe nyuma hadi kipindi cha hesabu ambamo haki ya DLA ilianzia, na maombi ya DLA huchukua miezi, hivyo malipo ya nyuma huweza kuwa mengi. Yasipofika, ulize kwa maandishi, ukitaja tarehe ya kuanza iliyoandikwa katika barua.

Posho ikishuka, sema pia, hata kama moyo unauma. Tumesikia watu wakisema, "Wakitaka wataona wenyewe." Ni kweli wataona, lakini baada ya mwaka au miwili, na hapo fedha zote zilizozidi hugeuka deni. Katika Universal Credit deni la malipo yaliyozidi hudaiwa hata kama kosa ni la ofisi yenyewe. Madeni ya zamani ya Tax Credit nayo yamehamishiwa huko. Mwezi wa Aprili 2025 kiwango cha jumla cha makato kilishushwa kutoka asilimia 25 hadi 15 ya fungu la msingi, nayo ni nafuu, lakini nafuu hiyo haifuti deni. Sisi tuliolelewa kujua kwamba deni humfuata mtu mpaka kaburini hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kusema kwamba posho imeshuka hakuna maana ya kukubali kwamba ilistahili kushuka. Ni mambo mawili mbalimbali. Arifu Universal Credit, kisha uombe uamuzi wa DLA uangaliwe upya. Muda uliopo ni mwezi mmoja tangu tarehe iliyoandikwa katika barua. Jibu lisiporidhisha, una mwezi mwingine wa kukata rufaa mbele ya baraza huru, ambako utasikilizwa na watu wasiokuwa wa wizara. Ukishinda, DLA hurudi na nyongeza zake pamoja na malipo ya nyuma. Jueni tu kwamba anayeuangalia upya uamuzi ana uwezo wa kuupandisha na hata kuushusha. Kwa hiyo mwoneni kwanza mshauri wa Citizens Advice, au wa shirika la Contact linalosaidia familia za watoto wenye ulemavu. Ushauri wao hauna malipo.

Lugha yetu na fomu yao

Tumefika penye jambo linalotugusa sisi hasa, Waswahili na Waislamu. DLA nyingi hutolewa kwa muda maalumu, na kabla ya muda huo kwisha wazazi hupelekewa fomu ya kuihuisha. Ni fomu ndefu, na hapo ndipo madaraja mengi hushuka. Si lazima mtoto awe amepona. Huenda mzazi amejibu kwa adabu.

Sisi tukiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata kama homa imetushika, kisha ndipo tukaongeza, "ila kichwa kinanigonga kidogo." Tukiulizwa habari za mtoto husema, "Alhamdulillahi, anaendelea vizuri." Ni jibu la shukrani na subira, na mbele ya jirani ni jibu jema. Lakini karani anayeisoma fomu hajui kwamba baada ya neno "vizuri" iko sentensi ya pili ambayo haikuandikwa. Yeye husoma "vizuri" na kuandika "vizuri."

Tena mama wa Kiswahili hahesabu usiku kuwa kazi. Muulize anafanya nini kwa ajili ya mtoto, atakutajia kumwogesha, kumlisha, kumpa dawa, kumpeleka shule. Hatakuambia kwamba saa nane za usiku alikuwa ameamka, akamgeuza, akambadilisha shuka, akamtuliza kwa nusu saa, akarudi kulala, akaamshwa tena kabla ya alfajiri. Kwake huo ni umama tu. Katika kanuni za DLA, usiku huo ndio unaotenganisha daraja na daraja. Daraja la chini ni la mtoto anayehitaji msaada kwa sehemu ya siku. La kati ni la anayeuhitaji mara kwa mara mchana kutwa, au anayehitaji kuangaliwa usiku. La juu ni la anayeuhitaji mchana na usiku. Rudini katika hesabu yetu ya ubaoni: katika nyumba ile, usiku usiosimuliwa umegharimu pauni 495.28 kila mwezi.

Hatumwambii mtu aongeze chumvi. Uongo ni uongo, uwe msikitini au kwenye fomu ya serikali. Tunasema tu kwamba kupunguza nako si ukweli. Aandike anayoyafanya, mara ngapi, kwa dakika ngapi, mchana na usiku, na kipi kingetokea kama asingeyafanya. Aandike daftari la wiki moja na kulibandika pamoja na fomu. Aombe barua ya mwalimu, ya daktari, ya mtaalamu wa usemi. Shukrani kwa Mola na ukweli kwa karani vinaweza kukaa katika kinywa kimoja bila kugombana.

Wapo pia wasioomba kabisa, kwa aibu, au kwa hofu ya maneno ya watu kwamba "mtoto wa fulani ana kasoro." Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Posho hii imewekwa kwa ajili ya mtoto. Iliyo haki ya mtoto ni amana mikononi mwa mzazi, na amana hairudishwi kwa sababu jirani atasema.

Miaka 16, hospitali na safari

Mtoto akifika miaka 16, huko England, Wales na Ireland Kaskazini, atapelekewa barua ya kumtaka aombe PIP. Barua hii isipojibiwa katika muda uliowekwa, DLA husimama, na matawi yake yote huanguka nayo. Ikijibiwa, DLA huendelea kulipwa mpaka uamuzi wa PIP utolewe. Maswali ya PIP si yale ya DLA, na daraja linaweza kubadilika. Katika Universal Credit ya wazazi, PIP yoyote huleta nyongeza ndogo, na daraja la juu la fungu la maisha ya kila siku huleta nyongeza kubwa, maadamu kijana bado yuko masomoni na anahesabiwa kuwa chini ya wazazi wake. Huko Scotland posho ya mtoto huweza kuendelea mpaka miaka 18.

Mtoto akilazwa hospitali, zamani DLA ilisimama baada ya siku 84. Mwezi wa Julai 2015 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyoletwa na baba wa mtoto aliyelazwa muda mrefu, kwamba kumkatia malipo mtoto yule kulivunja haki zake, na mwaka 2016 kanuni ikabadilishwa kwa watoto wote. Mtoto aliyeingia hospitali kabla ya kutimiza miaka 18 haisimamishiwi tena posho hiyo kwa sababu ya kulazwa.

Na safari. Wengi wetu hupeleka watoto Mombasa, Unguja au Maskati wakati wa likizo ndefu. DLA huendelea kulipwa kwa wiki 13 za safari ya muda, na hadi wiki 26 ikiwa safari ni ya matibabu. Universal Credit haina subira hiyo: kwa kawaida huvumilia mwezi mmoja tu, ikiwa na nafasi ya kurefushwa katika msiba au matibabu. Shina linaweza kuwa hai na matawi yamekauka. Arifuni kabla ya kukata tiketi.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nyumba yenye mtoto wa aina hii iwe na faili moja, na ndani yake mambo matano: barua ya mwisho ya DLA, tarehe ya kuanza na ya kwisha, iandikwe kwa kalamu nyekundu juu ya jalada, nakala ya fomu iliyojazwa, ili ya pili isipingane na ya kwanza, barua za shule na hospitali, na karatasi za Universal Credit za kila mwezi. Barua mpya ikifika, ilinganisheni na karatasi ya mwezi ule. Je, nyongeza ya mtoto imo? Ni ndogo au kubwa? Nyongeza ya mlezi imo? Lisilokuwamo liulizwe kwa maandishi, na siku ya kuuliza iandikwe.

Na walio na elimu ya karatasi katika jamii yetu wasiwaache wenzao. Kumjazia mama wa jirani fomu ya DLA jioni moja ni kazi ya saa tatu au nne. Faida yake kwa mtoto yule yaweza kuwa ya miaka. Baada ya kumaliza kuandika, muulizeni kwa upole swali moja la mwisho, kabla hajatia sahihi: "Na usiku, dada, huwaje?" Kisha nyamazeni, mumsikilize.

Wassalaam.